Kabari za Trela: Zisiteleze, Zisipasuke

Jiwe la tumbawe lililosukumizwa chini ya tairi utaliona Mombasa nzima, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Lina matundu, kwa hiyo trela ikiliegemea linamumunyuka. Na likiwa duara linabingirika. Kabari ya mbao inafaa kuliko jiwe endapo tu haitelezi wala haipasuki.

Kimo chake kisipungue robo ya kipenyo cha tairi. Vipimo vya hapa ni vya trela ndogo ya ekseli moja inayovutwa na pikapu, ya mashua au tangi la maji, yenye tairi la sentimita 65 hivi. Usivipeleke kwenye trela za makontena za Miritini: matairi yale yanapita mita 1.

Vifaa vya kabari 4:
- ubao mgumu wa inchi 8 kwa 2, urefu futi 9
- bolti 8 za nusu inchi, urefu inchi 7, na washa pana 16
- gundi ya mbao isiyolainika kwa maji
- vipande 4 vya mpira wa tairi, sentimita 28 kwa 15
- skrubu 24 za inchi moja na nusu
- kamba ya nailoni, mita 4

1. Ubao. Mabaki ya mbambakofi kutoka karakana za maseremala ndiyo bora. Mwarobaini uliokauka unafaa pia. Mbao za paleti ni laini, zinabonyea.

2. Kuchora na kukata. Punguza upana wa ubao ubaki sentimita 16. Chora kipande chenye kitako cha sentimita 30, juu 12, mgongo wima wa 16. Mshazari utatoka kama digrii 40. Geuza kipande kinachofuata kichwa chini, mishazari ilaliane, na vipande 12 vitaenea kwenye ubao mmoja. Nyuzi za ubao lazima zifuate urefu wa kitako. Zikisimama wima, kabari inachanika siku ya kwanza.

Usibadilishe mshazari kwa kukisia. Ukiulaza sana, tairi linapanda juu ya kabari. Ukiusimamisha sana, tairi linaisukuma mbele badala ya kuikandamiza chini, nayo inateleza. Kwa digrii 40, tairi hili linagusa kabari kama sentimita 8 kutoka ardhini, katikati ya mshazari, penye mbao ya kutosha.

3. Kuunganisha. Gundisha vipande vitatu vitatu. Toboa matundu mawili ya milimita 13 ubavuni, yote sentimita 5 juu ya kitako: la kwanza sentimita 6 kutoka mgongoni, la pili sentimita 18. Kaza bolti gundi ikiwa bado mbichi, ziibane. Gundi ikikauka, kata ncha ya mbele ibaki na unene wa sentimita moja na nusu; ncha kali huvunjika.

4. Mpira. Waendee mafundi wa akala (viatu vya matairi), waombe mpira wa tairi la nailoni. Lenye waya ndani litatoa miiba ya kutu, na hewa yetu ya chumvi haisubiri. Ufunge chini ya kitako kwa skrubu 6 kila kabari, vichwa vizame ndani ya mpira. Kichwa kikichomoza, kabari inasimama juu ya chuma, na chuma juu ya saruji huteleza.

5. Rangi. Mikono miwili ya rangi ya mafuta, nyeupe au njano. Mkono wa pili ukiwa mbichi, nyunyizia mchanga mkavu wa mto kwenye mshazari. Mchanga wa pwani una chumvi, unavuta unyevu. Oili chafu usipake kabisa: inalainisha mpira na kutelezesha tairi.

6. Kamba. Toboa nyuma, karibu na juu, upitishe kamba ya mita 1. Ni ya kuvutia kabari bila kupeleka mkono chini ya tairi.

Zijaribu trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari, mahali tambarare. Weka mbili mbele ya matairi, sogeza gari polepole sana. Msaidizi asimame ubavuni, si mbele. Kabari ikikokotwa, kagua skrubu na mpira.

Kwenye matumizi, weka zote nne, mbele na nyuma ya kila tairi, zikigusa mpira, kabla ya kufungua ndoano. Kwenye mchanga wa ufukweni au tope la masika, tandika kwanza ubao mpana, la sivyo kabari inazama na kimo kinapotea. Ukiondoka, funga ndoano kwanza. Kabari iliyobanwa usiigonge kwa nyundo. Sogeza gari kidogo upande wa pili ilegee, kisha vuta kamba.