Tathmini ya utendaji kazi: kutoka fomu za karatasi hadi mfumo wa kidijitali

Usianze kwa kununua programu. Chukua kwanza fomu 20 za tathmini za mwaka uliopita kutoka idara mbalimbali, uzisome. Ukikuta malengo ya aina ya "kuboresha huduma kwa wateja", hakuna mfumo utakaokuokoa. Utapata ubabaishaji uleule, safari hii kwenye skrini. Lengo linalopimika lina kitendo, kiasi, muda na mahali pa kupata ushahidi: "Kujibu angalau asilimia 95 ya malalamiko ndani ya siku 3 za kazi, chanzo ni rejista ya malalamiko." Malengo 4 hadi 6 kwa mtu yanatosha. Yakifika 12, watu hujaza ili mradi wamejaza.

Kinachofuata ni kusafisha orodha ya wafanyakazi, kazi ambayo wauzaji wa programu huigusia juujuu tu. Andaa lahajedwali (jedwali la kompyuta, kama Excel) yenye namba ya mfanyakazi, jina, cheo, idara na namba ya msimamizi wake wa moja kwa moja. Safu za namba ziwekwe kama maandishi kabla ya kuingiza chochote, la sivyo 00417 itageuka 417 na mfumo hautamtambua mwenye namba hiyo. Kagua wasimamizi mmoja mmoja: aliyestaafu akibaki humo, tathmini za watu wake zitakwenda kwake na kulala huko bila kuidhinishwa.

Mfumo ujaribiwe kwa simu ya bei nafuu inayotumia bando, si kwa kompyuta ya meneja. Jaza fomu nusu, zima data, subiri kidogo, washa. Kama ulichoandika kimepotea, tafuta mfumo mwingine. Ushahidi wa picha nao una gharama: picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 3 au zaidi, kwa hiyo mfumo uipunguze kabla ya kuipakia. Wasio na simu janja wawekewe kompyuta ya pamoja inayojifunga baada ya dakika chache. Msimamizi asiwajazie.

Anza na idara 2 kwa robo mwaka, mojawapo ikiwa ya watu wanaoshinda nje ya ofisi. Karatasi ziendelee sambamba, na alama za majaribio zisiguse mshahara wala cheo cha mtu. Mkizifungamanisha na fedha mapema, kila mmoja atajiwekea malengo mepesi.

Tatizo litakalojitokeza karibu kila mahali ni bosi kumpa katibu wake nenosiri amjazie. Semina haiponyi hilo. Weka uthibitisho wa namba ya mara moja inayotumwa kwenye simu ya bosi mwenyewe, halafu mpunguzie kazi: aone orodha ya wanaomsubiri tu.

Alama nazo hupenda kurundikana kwenye 4 kati ya 5. Andikeni kila alama inamaanisha nini kwa kila lengo, kisha wasimamizi wakutane na kila mmoja atetee alama alizotoa kwa ushahidi kabla ya kuzifunga. Tarehe za mwisho zipishane kati ya idara, maana wote wakiingia siku moja seva huelemewa.

Kabla alama haijafungwa, mfanyakazi aione pamoja na sababu zake, apewe siku 5 za kazi kuipinga, na rufaa iende kwa mtu asiye msimamizi wake.