Jinsi ya kununua unachotaka wewe, sio wanachotaka kukuuzia

Wengi tukisikia tangazo tunawaza tv na mabango ya barabarani. Ila kazi kubwa siku hizi inafanyika dukani kwenyewe, ile sekunde mkono unaenda kwenye rafu, kwa hiyo ukitaka kujikinga anzia hapo hapo.

Cha kwanza, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote, soma gramu kabla ya bei. Tuseme sabuni ya unga, kipakiti cha gramu 40 ni 250 na mfuko wa kilo ni 4,500. 250 nani atakosa? Ila kufikisha kilo unahitaji vipakiti 25, hiyo ni 6,250, umezidisha 1,750 nzima. Makampuni yanajua vizuri mtu anayepata hela ya siku kwa siku anaishije, ndo maana kila kitu kina saizi ya kumfaa, sabuni, mafuta ya kupaka, maziwa ya unga, mpaka bando. Sisemi usinunue, kuna siku mfukoni ipo hiyo 250 tu na yunifomu ya mtoto lazima ifuliwe, hapo kipakiti kinakuokoa kweli. Nasemea wewe mwenye hela ya mfuko ambae bado unabeba vipakiti kwa mazoea. Na usijidanganye kubwa ni nafuu siku zote, mara nyingine sivyo, chukua simu gawanya bei kwa gramu ndo ujue. Biskuti nazo ziangalie, pakiti ileile, bei ileile, gramu zimepungua kimyakimya.

Supamaketi nenda na listi, na ushibe kwanza. Mkate na maziwa mara nyingi viko mwisho kabisa ili upite kwenye kila kitu kingine, vya bei vinakaa usawa wa macho na vya nafuu unavikuta chini, kwa hiyo inama. Pipi za pale kaunta zimewekwa usawa wa mtoto, wala sio bahati mbaya. Na 9,900 isome 10,000, basi.

Sasa wale wa barabarani, hawa hawajasomea popote ila ni maprofesa. Basi la mkoani limesimama Chalinze, jamaa anakupenyezea korosho dirishani, "shika tu dada, kushika bure". Ukishashika imekula kwako, maana kitu kikiwa mkononi unaanza kukiona chako, kukirudisha kunauma. Afu anataja 10,000, mnavutana, dereva anapiga honi, anakuachia kwa 6,000 na wewe unajiona mjanja kumbe alikuwa anaitaka hiyohiyo. Dawa yake ni mbili, mikono ibaki ndani, na bei uwe nayo kichwani kabla yeye hajafungua mdomo, kwa sababu namba ya kwanza kutajwa ndo inavuta mazungumzo yote.

Kwenye Instagram kuna "zimebaki 2 tu", kuna "ilikuwa 85,000 sasa 45,000" wakati hiyo 85,000 hakuna aliyewahi kuilipa, na ile inayoniudhi mimi, "bei njoo inboksi". Ukishaanza kuchati na mtu kakuita mpenzi mara tatu kusema hapana kunakuwa kugumu. Staa anayesifia losheni nae kalipwa, sio lazima anaipaka. Piga skrinshoti, lala, kesho kama bado unaitaka nunua.

Hizo skrinshoti usizifute. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko, kwa hiyo ukiletewa kitu tofauti na kilichotangazwa una pa kwenda. Ila utaulizwa ushahidi wa kununua, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, palepale, na akikwambia mashine mbovu mwambie utalipa ikipona.