Panya hana mpaka wa shamba: vijiji vya Java vinavyolinda mpunga kwa pamoja

Ukipandikiza mpunga wiki nne au tano baada ya majirani zako, jua kwamba wewe ndiye utakayewalisha panya wa kitongoji kizima. Wenzako wakishavuna, panya hawafi wala hawasafiri mbali. Wanavuka kingo na kuingia kwako, palipobaki mashina mabichi. Vijiji vya kisiwa cha Java, Indonesia, vimelijua hilo kwa uchungu. Familia nyingi huko hulima chini ya nusu hekta, majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo, yamebanana, na mfereji mmoja hulisha mashamba ya watu wengi. Hakuna mkulima wa huko anayeweza kumaliza panya peke yake, na yeyote mwenye jaruba ndani ya skimu ya umwagiliaji, awe Mbarali kule Tanzania au Mwea kule Kenya, yuko katika hali hiyohiyo.

Tuanze na panya mwenyewe. Panya wa mashamba ya mpunga wa Java, ambaye wataalamu humwita Rattus argentiventer, huzaa kwa kufuata hatua za mpunga. Majike huanza kupata mimba mpunga unapokaribia kumaliza kutoa machipukizi. Mimba hukaa wiki tatu hivi, na uzao mmoja huweza kuwa na watoto kumi au zaidi. Bonde zima likipandwa kwa wakati mmoja, chakula kizuri kinakuja mara moja na kinakwisha mara moja. Likipandwa kwa kuachana miezi miwili, jike anazaa tena na tena, na mabinti wa uzao wa kwanza nao wanaanza kuzaa kabla shamba la mwisho halijavunwa. Ukikuta hasara kubwa kwenye mashamba yaliyochelewa, usishangae.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyasema hapa, ni tarehe. Mashamba yanayokunywa maji ya mfereji mmoja yapandikizwe yote ndani ya wiki mbili, yavunwe karibu pamoja, kisha ardhi ipumzike bila mpunga wowote uliosimama. Javani tarehe hiyo inashikwa na maji: kijiji kina msimamizi wa maji, anayeitwa ulu-ulu, na maji yakifunguliwa kila mtu anajua kazi imeanza. Kule Bali, kisiwa jirani, wakulima wa mfereji mmoja wako kwenye umoja wao wa subak, na ratiba ya maji na ya kupanda hupangwa humo kwenye kikao, chini ya mkuu wao, pekaseh. Kamati ya umwagiliaji ya skimu yenu inaweza kufanya vivyo hivyo. Najua kinachokwamisha: pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ni moja na watu wa kupandikiza hawatoshi. Basi pangeni zamu ya pawatila kabla ya kusia mbegu, na vitalu visiwe vya kila mtu kona yake bali viwekwe sehemu moja, visiwe mbali na maji. Miche ikiwa ya umri mmoja, kupandikiza nako kutakwenda kwa mpango.

Kabla ya kupanda kuna msako. Wajava huuita gropyokan. Kijiji kizima hutoka siku moja na majembe, fimbo na mbwa, wanafukua mashimo kwenye kingo, kandokando ya mifereji na kwenye vichaka. Wakati wake ni ardhi inapoandaliwa, panya wakiwa wachache na hawana pa kujificha. Jike mmoja akiuawa siku hiyo, umezuia uzao mzima ambao ungekuja mpunga ukiwa na mimba, yaani masuke yakiwa bado ndani ya shina. Wakulima wengi hungoja mpaka waone mashina yamekatwa kwa mshazari karibu na maji ndipo waanze kusaka. Hapo mmeshachelewa. Siku hiyohiyo ya msako punguzeni kingo pia: ukingo usizidi sentimita 30 kwa upana na kwa kimo. Ukingo mnene ni nyumba ya panya mliyomjengea wenyewe.

Penye panya wengi sana kuna njia ya mtego wa pamoja, iliyojaribiwa na watafiti na wakulima Java Magharibi. Jaruba dogo, la mita 20 kwa 20 hivi, hupandwa wiki mbili au tatu kabla ya mashamba mengine. Huzungushiwa nailoni yenye kimo cha sentimita 60 hivi, iliyosimamishwa kwa vijiti, na kuuzunguka huo uzio kuna mtaro wenye maji. Kila upande wa uzio huachwa tundu dogo, na mbele ya tundu kijituta cha udongo cha kumvusha panya. Panya ananusa mpunga uliotangulia, anafuata uzio akitafuta pa kuingilia, anaona tundu, anapita, na anajikuta ndani ya kizimba cha waya kilichofungwa nyuma ya tundu hilo. Mtego wa namna hii huvuta panya wa umbali wa mita 200 hivi, kwa hiyo gharama yake ichangiwe na wote wanaofaidika. Lazima awepo mtu wa zamu kila asubuhi wa kutoa panya na kuziba nailoni iliyotoboka. Tundu moja lisilotarajiwa likiachwa, panya watakula jaruba lote la mtego kwa siku chache.

Sasa niseme habari ya bundi, nikijua wengi watakunja uso. Katika kijiji cha Tlogoweru, wilaya ya Demak, Java ya Kati, panya waliwahi kuwakosesha watu mavuno. Wakaamua kufuga bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo. Hata Javani bundi alikuwa ndege wa mikosi. Leo mashamba ya Tlogoweru yana vijumba vya mbao juu ya nguzo ndefu, na kanuni za kijiji zinakataza kumdhuru ndege huyo. Bundi huyu hajengi kiota, hutafuta tundu lililo tayari, ndiyo maana kijumba kinamvuta. Chini ya nguzo utakuta vitonge vyeusi alivyotapika. Kimoja ukikipasua utaona manyoya na mafuvu madogo ya panya. Bundi wa aina hii yupo pia Afrika Mashariki. Ila ukiamua kumkaribisha, acha sumu ya panya: panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, naye hufa. Na bundi peke yake hawezi kuokoa bonde lililopandwa ovyo.

Mafunzo ya mambo haya Indonesia hufanyika shambani. Mwaka 1989, baada ya serikali kupiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga mwaka 1986, ndipo zilipoanza huko zile shule za wakulima ambazo kwetu zilikuja kuitwa shamba darasa: kundi la watu 25 hivi, kila wiki wanaingia shambani, wanahesabu wadudu na mashina, wanachora walichoona na kuamua hatua ya kuchukua. Kama mna shamba darasa, liongezeeni ukaguzi wa mashimo ya panya kila wiki.

Kuna jambo moja la Java ambalo nawasihi msiliige. Katika maeneo kama Sragen na Ngawi baadhi ya wakulima huzungushia majaruba waya wenye umeme ili kuua panya. Watu wengi wamekufa kwa waya hizo, wengine wakiwa wenye shamba wenyewe waliosahau kuzima. Maji ya jaruba hupitisha umeme. Hakuna gunia la mpunga linalolingana na uhai wa mtoto anayekatiza ukingoni jioni. Akitokea mtu kwenye skimu yenu anaanza jambo hilo, kamati imzuie siku hiyohiyo.

Mwisho, afya ya wasakaji. Mkojo wa panya hueneza leptospirosisi, ugonjwa uliotangazwa Tanzania mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda ulipotokea Lindi. Vimelea vyake hukaa kwenye maji na tope, na huingia kupitia mikwaruzo. Siku ya msako vaeni mabuti, funikeni vidonda, shikeni panya kwa glavu au mfuko wa plastiki, fukieni mizoga mbali na mfereji, na naweni kwa sabuni kabla ya kula. Mtu akipata homa kali, maumivu ya misuli ya miguu au macho mekundu ndani ya wiki chache baada ya msako, aende zahanati na amweleze mganga kwamba alishika panya au alifanya kazi kwenye maji ya jaruba. Asipolisema hilo, ni rahisi atibiwe malaria.