Kabla Hujamkabidhi Jirani Funguo: Mambo ya Kuzingatia Unaposafiri na Kuacha Mnyama Nyumbani

Wengi wetu wenye paka, mbwa, ndege au samaki nyumbani huanza safari kwa kuwaza tiketi na mizigo. Suala la mnyama hufikiwa jioni ya mwisho, jirani akiwa mlangoni anapewa funguo na kuambiwa tu kwamba chakula kiko jikoni. Jirani mwema hakatai. Ila hajui kwamba paka huyo hujificha nyuma ya friji akisikia sauti ngeni, wala kwamba mbwa hupewa nusu kidonge pamoja na chakula cha usiku. Mambo unayoyafanya kila siku bila kufikiri, yeye hana namna ya kuyakisia. Kwa hiyo naamini maandalizi yaanze kwa mnyama na jirani, nguo na viatu vifuate baadaye.

Yapo mambo yasiyokubali haraka, na la kwanza ni chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hailindi siku ileile inapodungwa, kwani mwili unahitaji majuma kadhaa kujenga kinga. Ukitaka kuvuka mpaka na mnyama wako, muda huo huwekwa hata kwenye sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hudai mnyama awekewe kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ndipo achanjwe, na zipite siku 21 tangu chanjo ya kwanza kabla hajaruhusiwa kuingia. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na mwenye mnyama hulazimika kuanza upya. Uliza pia masharti ya shirika la ndege. Mashirika mengi hayapokei kwenye sehemu ya mizigo mbwa na paka wenye pua bapa, kwa kuwa hupumua kwa shida joto likipanda. Na usimpe mnyama dawa ya usingizi kwa ajili ya ndege bila daktari wa wanyama kukuelekeza. Madaktari wengi wa wanyama hawashauri kabisa, maana dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuathiri upumuaji mahali ambapo hakuna wa kumwangalia.

Mnyama anayebaki nyumbani naye achanjwe, mara hii kwa ajili ya jirani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu. Mwambie jirani waziwazi: aking'atwa au kukwaruzwa, na mnyama yeyote yule, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Kuosha huko kunapunguza kwa kiasi kikubwa virusi vilivyoingia, na bado watu wengi huiruka hatua hiyo wakikimbilia kufunga kitambaa.

Wewe mwenyewe una tarehe zako za kuangalia. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Dawa za kujikinga na malaria huanza kumezwa kabla ya kufika, nyingine siku moja au mbili, nyingine majuma mawili au zaidi. Pasipoti nayo, nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 mbele.

Sasa jirani mwenyewe. Kabla ya kumwomba, fikiria afya yake na hali ya nyumba yake. Ana pumu inayoamshwa na manyoya? Ana mtoto mdogo atakayekuja naye? Ni mjamzito? Swali hilo la mwisho ni zito kwa wenye paka. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo mama akivipata kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo haviambukizi mara tu vinapotoka. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Ndiyo sababu sanduku la mchanga la paka husafishwa kila siku, na mjamzito humwachia mtu mwingine kazi hiyo. Ikiwa hakuna mwingine, avae glavu na kunawa mikono vizuri kwa sabuni. Si jambo la kuoneana haya. Jirani akijua sababu atashukuru kuulizwa.

Ukishampata, mwalike aje siku chache kabla, na umwache afanye yeye huku wewe umekaa kando. Ni hapo utakapogundua kwamba mlango wa nyuma hufunguka tu ukiinuliwa kidogo, au kwamba mbwa anayekutii wewe humvuta mgeni hadi barabarani. Amfunge kamba mwenyewe, atembee naye mara moja, ampe chakula kwa mkono wake ili mnyama amzoee. Kwa paka, kikapu cha kubebea kitolewe mapema na kiachwe wazi chumbani, kikiwa na kitambaa chenye harufu aliyoizoea. Paka anayekutana na kikapu siku ya dharura tu humwachia jirani mikwaruzo. Mwonyeshe pia swichi kuu ya umeme, valvu ya kufunga maji na pa kuzimia gesi, kisha mwache azijaribu.

Halafu andika. Karatasi moja, herufi kubwa, ibandikwe mahali pa wazi. Neno "kidogo" lisiwemo, kwa kuwa kidogo changu si kidogo chako. Acha kikombe chenye alama, na uandike kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kwa samaki ni afadhali ufungashe kila siku kijifuko chake, kwa sababu mtu asiyewafuga huwaonea huruma na kuwaongezea, kisha chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji. Samaki wazima wenye afya huvumilia siku kadhaa za njaa kuliko siku moja ya kulishwa kupita kiasi.

Kwenye karatasi hiyo weka orodha ya vilivyokatazwa, maana wanyama wengi hudhurika kwa mkono wenye upendo. Mbwa asipewe chokoleti, zabibu mbichi wala kavu, kitunguu maji, kitunguu saumu, wala bazoka na peremende zisizo na sukari, kwani nyingi zina zailitoli, kitia utamu badala ya sukari, ambayo humshushia mbwa sukari ya damu ghafla. Paka asipewe parasetamoli hata kipande, inamuua. Wala ibuprofeni isitolewe kwa yeyote kati yao. Maua ya lili yanayowekwa mezani yasiingie nyumba yenye paka, kwa kuwa hata chavua yake au maji ya chombo chake yanatosha kuharibu figo. Mwenye ndege wa kufuga amwombe jirani asiache kikaango kisichonata kipate moto mkali kikiwa kitupu, kwani mvuke wake huua ndege kwa dakika chache hata akiwa chumba cha pili.

Kisha taja dalili zisizosubiri wewe urudi. Paka dume anayeingia na kutoka sandukuni akijikamua bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, kwa sababu njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mbwa ambaye tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kitu kutoka ni dharura vilevile. Paka asiyekula siku nzima aripotiwe, hasa akiwa mnene, maana mwili wake huanza kusafirisha mafuta hadi ini na kuliziba. Chini ya hayo andika namba ya daktari wa wanyama, jina na umri wa mnyama, uzito wake, dawa zake. Andika pia jambo ambalo wengi huliacha, nalo ni fedha. Sema nani atalipa na hadi kiasi gani, acha pesa kwenye bahasha, na utie saini kwamba unamruhusu jirani kukubali matibabu. Jirani akiwa na mnyama mgonjwa usiku, huku simu yako haipatikani, hapaswi kuanza kujiuliza kama ana haki ya kusema ndiyo.

Ongeza akiba ya siku tatu au zaidi kwenye chakula na dawa za mnyama. Safari huchelewa.

Nikija kwenye mkoba wako, dawa unazomeza kila siku zisafiri nawe mkononi, zikiwa kwenye pakiti zake halisi pamoja na cheti cha daktari kinachotaja jina la kitaalamu la dawa, kwa kuwa jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Baadhi ya dawa zinazouzwa kawaida nchi moja zimepigwa marufuku nchi nyingine, hivyo ulizia kabla. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege. Inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Safari ikizidi saa 4 za kukaa, inuka utembee au walau uchezeshe vifundo vya miguu mara kwa mara, kwani damu inayotuama miguuni inaweza kuganda.

Weka paketi mbili tatu za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Vipimo vifuatwe, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mchanganyiko wa nyumbani umwagwe baada ya saa 24.

Chakula cha njiani kiwe rahisi. Mkate, karanga, matunda ya kumenya mwenyewe, viazi vya kuchemsha vya kuliwa mapema. Ninachokihofia zaidi ni wali. Mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa kwenye joto la kawaida mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa jumla chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya friji, na saa 1 tu hewa ikizidi nyuzi joto 32. Bakteria hupenda kati ya nyuzi 5 na 60, na chombo chenye mfuniko ndani ya mkoba hubaki katika joto hilo muda mrefu.

Friji unayoiacha nyuma nayo ina hesabu yake. Vitakavyoharibika mpe jirani siku moja kabla, vikiwa bado vizuri, si siku ya kuondoka vikiwa vimeanza kunyauka. Ni shukrani ya kwanza kwa kazi anayoenda kukufanyia. Kwenye friza gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini, ujue umeme ulikatika muda mrefu, barafu ikayeyuka na kuganda tena, na nyama iliyomo si ya kuamini hata ikionekana ngumu. Umeme ukikatika jirani asifungue fungue milango, kwa kuwa friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi na friza iliyojaa kwa saa 48. Na kabatini acha mlo mmoja mkavu wa usiku wa kurudi, wa kupikwa kwa maji tu, ili uchovu usikushawishi kula mabaki.

Siku ya kurudi, mpigie jirani kabla hujafika, na mkubaliane kwamba hataacha kuja mpaka akusikie uko ndani ya nyumba. Tarehe iliyoandikwa karatasini isimwondoe, kwa kuwa ukikwama njiani siku mbili mnyama ndiye atakayeshinda bila maji. Akikurudishia funguo muulize alichokiona: mnyama alikula vipi, kinyesi kilikuwaje, alilala wapi. Na kama ulitoka eneo lenye malaria, homa yoyote itakayokupata katika miezi inayofuata nenda nayo hospitali siku hiyohiyo na utaje ulikokuwa kabla hujaulizwa, kwani daktari asiyejua ulisafiri anaweza asifikirie kupima.