Kabla hujakubali kukatwa tumbo, uliza nani atashika simu siku ya kumi na tisa

Mimi ni mpishi wa harusi, Kisauni, Mombasa. Sufuria zangu za pilau mtoto anaweza kujificha ndani. Februari 2022 nilikuwa na kilo 131, na urefu wangu ni mita 1.58. Ukitaka kujua wewe uko wapi, chukua kilo zako ugawanye kwa urefu wako, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu uleule. Mimi nilipata 52 na ushei. Siku hizi mazungumzo ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito huanza kwa aliyefika 35, au 30 kwa mwenye sukari au maradhi mengine yanayoletwa na uzito. Mwongozo wa zamani, wa mwaka 1991, ulitaka 40, au 35 ukiwa na maradhi; ulibadilishwa 2022. Kwa hivyo ukiambiwa na mtu aliyefanyiwa zamani kwamba wewe hujafikia, usimsikilize, nenda ukapimwe.

Tangu nipungue, simu hazikatiki. Wote huniuliza, "Dada, ulikatwa na nani?" Jina la daktari huwa sitoi, si kwa uchoyo, ila kwa sababu swali lenyewe ni la pili. La kwanza ni hili: ukianza kutapika saa nane za usiku ukiwa ushatoka hospitali, nani atashika simu? Nimekaa na watu kumi na mmoja waliofanyiwa, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Waliolia na walioshukuru hawakutofautiana kwa ufundi wa kisu. Walitofautiana kwa hapo.

Namna ya kumpima daktari

Wa kwanza niliyemwendea alikaa nami dakika saba, na simu yake ililia mara mbili. Hakuniuliza nakula nini. Alinipa bei kwenye kijikaratasi kama fundi wa bati. Nilipouliza "na baada ya hapo?", akasema nitarudi kliniki baada ya wiki mbili, basi.

Wa pili alinichosha kwa maswali. Nakoroma? Mama yangu aliwahi kuganda damu mguuni? Ninapolia hula? (Nilicheka, halafu nikalia kweli.) Akakataa kunipangia tarehe mpaka nionane na mtaalamu wa lishe na mshauri wa akili, nipimwe usingizi, na nipigwe kamera ya tumboni kutazamwa vidonda na wale bakteria wanaovileta. Niliona ananizungusha. Leo ningemwogopa asiyenizungusha.

Yaandike maswali kwenye karatasi, maana ukikaa mbele ya koti jeupe yote huruka. Muulize anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwezi, na ni wangapi aliowarudisha chumba cha upasuaji. Muulize pale penye mshono pakivuja anafanya nini, na hospitali hiyo ina chumba cha wagonjwa mahututi au utabebwa kwa ambulensi kwenda kwingine. Akisafiri, nani anashika nafasi yake? Ile bei inahesabu kliniki za mwaka mzima au ya kwanza tu? Uvujaji huwapata mtu mmoja au wawili katika mia, kwa hivyo daktari aliyefanya mamia lazima ameuona. Anayekwambia "kwangu haijawahi kutokea" ama amefanya wachache, ama hawafuatilii.

Leseni yake itazame mwenyewe. Kenya jina hutafutwa kwenye tovuti ya baraza la madaktari, KMPDC, na leseni ni ya mwaka mmoja mmoja. Tanzania kuna Baraza la Madaktari la Tanganyika. Angalia kama amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji, si daktari tu.

Kisha omba kuonana na wagonjwa wake, na hapa wengi hukosea. Watakuletea mtu wa miezi mitatu, amependeza, amenunua madira mapya. Katika miezi mitatu kila daktari ni hodari. Wewe taka wa miaka miwili kwenda mbele. Muulize mara ya mwisho alipimwa damu lini, na nani alimkumbusha.

Kuna bibi mmoja wa Malindi alikwenda ng'ambo kwa wakala. Siku ya sita alipandishwa ndege, mkononi hana hata ukurasa mmoja wa ripoti. Alitapika wiki kadhaa akidhani ndiyo hali ya tumbo jipya. Mwezi wa tatu miguu ikalegea, akawa anaona vitu viwiliviwili. Ilikuwa upungufu wa vitamini B1, ambao kwa mtu anayetapika mfululizo huja upesi na huweza kuharibu ubongo. Namba ya wakala haikupatikana tena. Sisemi usiende nje. Nasema kabla ya kupanda ndege, tafuta daktari wa hapa nyumbani atakayekubali kukupokea, na akubali kwa kinywa chake.

Aina, kwa ufupi

Mimi nilifanyiwa slivu. Hukatwa kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula na zaidi, ukabaki mwembamba kama mkono wa kanzu, na kilichotolewa hakirudi. Sehemu ile ndiyo pia inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo njaa huisahau. Baipasi huacha kijifuko kidogo kama yai na kukipitisha chakula njia ya mkato. Hushusha sukari vizuri, lakini vitamini na madini hupotea zaidi. Puto huwekwa ndani ya mfuko wa chakula bila kukatwa na hutolewa baada ya miezi. Mwenye kiungulia kikali amwambie daktari mapema, kwa sababu slivu huweza kukizidisha.

Wiki mbili za ini

Kabla ya upasuaji utawekwa kwenye chakula kigumu kuvumilia: protini na mboga, hakuna wali, hakuna chapati, hakuna hamri. Nilidhani ni adhabu. Sababu ni ini. Ini la mtu mnene limejaa mafuta na limelalia tumbo. Daktari anaingia kwa matundu madogo yenye kamera, na ini likiwa kubwa haoni kitu. Wiki mbili hizo hulipunguza. Mimi nilikuwa na harusi mbili katikati, nikapika biriani huku nikitafuna matango.

Hospitali na njiani

Jioni ileile ya upasuaji utainuliwa utembee. Utamchukia nesi. Tembea, damu isigande, na sindano za kuilainisha usizikatae. Nilikaa Nairobi kwa mdogo wangu siku kumi kabla ya kuruhusiwa kusafiri, kisha nikateremka Mombasa kwa SGR. Kila nusu saa niliinuka nikatembea behewa hadi behewa, abiria wakidhani natafuta choo. Usikubali kubanwa kwenye kiti cha basi usiku kucha.

Vikombe ishirini na vitano

Mtaalamu wa lishe alinitaka lita moja na nusu za vinywaji kwa siku. Nilipoona nashindwa, nikachukua kile kikombe kidogo cha kahawa chungu, nikakipima: mililita 60. Hivyo ni vikombe 25, kimoja kila nusu saa. Kinywe kwa mafunda madogo, si kwa pupa. Maji hayanyweki pamoja na chakula. Ukishakula, subiri nusu saa. Soda na vyote vyenye gesi, weka mbali.

Siku mbili za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa. Mpaka wiki ya pili ni vya kunywa vyenye nguvu: maziwa, mtindi mwepesi, uji mwembamba. Kisha vya kupondwa: ndengu laini, nguru aliyechambuliwa miiba akapondwa, yai lililopikwa rojorojo. Wiki ya tano na sita vyakula laini, halafu polepole ufike kwenye vya kawaida. Anza kila mlo na protini, ufike gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja lina kama 6, maziwa bilauri moja 8, kwa hivyo usijidanganye kwamba chai ya maziwa imetosha. Vilivyonishinda kabisa mwanzoni ni nyama ya ng'ombe na mkate mweupe. Mkate huvimba ukawa donge.

Siku ya kumi na tisa

Kulikuwa na harusi Majengo. Kubeba nilikatazwa wiki sita, nikasema nasimamia tu. Jua la Machi, moshi wa kuni, kikombe changu nimekisahau kwenye begi. Alasiri nikaona giza. Mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Walinipeleka hospitali ya karibu, na daktari kijana, mwenye huruma kwelikweli, akasikia kidonda kinauma, akaagiza sindano ya diklofenaki.

Hapo ndipo karatasi ilipofanya kazi. Kwenye mkoba nilikuwa na barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa daktari wangu: tarehe, aina ya upasuaji, dawa ninazotumia, dawa nilizokatazwa, namba ya nesi wake. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake wote huweza kulitoboa tumbo vidonda, na mimi figo zangu siku hiyo zilikuwa kavu. Dada yangu akapiga. Nesi alishika mlio wa pili, akaomba kuzungumza na yule kijana: vitamini B1 kwanza ndipo dripu ya glukosi, parasetamoli kwa maumivu. Saa mbili usiku nilikuwa nyumbani.

Iombe barua hiyo kabla ya kutoka wodini. Nakala moja mkobani, moja kwa mtu unayekaa naye, picha yake kwenye simu. Na mwenye duka la dawa umwonyeshe, kwa sababu yeye ndiye atakayekupa Brufen, yaani ibuprofeni, bila kuuliza.

Kuna mambo hayangoji kliniki wala asubuhi. Moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika nawe umekaa kimya, homa, maumivu ya tumbo yanayopanda mpaka bega la kushoto, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, kutapika hata maji siku nzima. Jifunze kuhesabu mapigo ya moyo kabla hujakatwa. Ukiwa na dalili moja ya hizo na daktari wako hashiki simu, nenda hospitali kubwa iliyo karibu na barua yako.

Wenye sukari na presha, pimeni kila asubuhi. Dawa za zamani huwa nyingi mno kwa mwili mpya, na kipimo hushushwa mapema, lakini na daktari, si nawe. Jirani yangu aliendelea na sindano ya insulini kama kawaida akaanguka bafuni.

Mwaka wa kwanza

Ramadhani ilinikuta mwezi wa pili. Daktari alisema nisifunge mwaka huo, maana vikombe 25 haviingii kati ya futari na daku. Nilikula mchana nikijificha nyumbani mwangu kama mwizi, na wifi yangu akanikuta na mtindi. Mweleze mtu mmoja mwenye kauli katika familia mapema, akusemee. Mwaka uliofuata nilipimwa damu kwanza, nikaruhusiwa, na siku nilizodaiwa nikazilipa kidogo kidogo.

Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne, kwa vishungi. Ni mshtuko wa mwili, hurudi. Kula protini, usinunue mafuta ya miujiza.

Mimba isubiri mwaka na nusu. Uzito ukishuka uzazi hufunguka. Mwenzetu aliyekuwa ameambiwa hatazaa alibeba mwezi wa tano, na tulihangaika naye. Panga uzazi na daktari, hasa kwa baipasi, maana vidonge huenda visiingie mwilini sawasawa.

Vitamini ni za maisha. Madini ya chuma na kalisi usivimeze pamoja, viachanishe kwa muda wa saa mbili. Na hili liliniuma: chai huzuia madini ya chuma yasiingie. Nami ni mtu wa Mombasa. Chuma nakimeza asubuhi kwa maji ya ndimu, chai naisogeza mpaka saa nne. Damu hupimwa mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, vitamini D, kalisi.

Kilo tano zilizorudi

Nilishuka mpaka 88. Sasa nina 93. Kurudi kilo chache baada ya mwaka wa pili ni jambo la wengi, na wengi ndipo hujificha, wakaacha kliniki kwa haya. Mimi nilikwenda. Mtaalamu wa lishe akauliza nakula nini, nikamwambia kwa moyo safi: sahani tatu ndogo, hakuna zaidi. Akaniambia nihesabu miiko ninayoonja kwenye harusi moja. Nilihesabu 31, ya mchuzi wa biriani yenye samli, kabla ya wageni kufika.

Chumvi sasa anaonja binti wa dada yangu. Huzidisha kidogo.