Kusawazisha matriki za miunganiko ya ubongo: usigawanye kabla ya kuuliza

Mtu akiniletea matriki zake, yaani majedwali ya nguvu ya muunganiko kati ya kila sehemu mbili za ubongo, na kuniuliza azigawanye kwa kitu gani, mimi humrudishia swali: mbegu za traktografia (uchoraji wa njia za neva kwa kompyuta kutoka picha za MRI), yaani vituo mistari inapoanzia, ulizipanda wapi? Jibu lake huamua nusu ya kazi.

Idadi ya mistari kati ya sehemu mbili si idadi ya nyuzi za neva. Ukiiagiza programu itoe mistari milioni 10, itatoa milioni 10 kwa ubongo wenye afya, na milioni 10 kwa ubongo uliosinyaa. Jumla hiyo umeipanga wewe. Kusawazisha ni kuondoa yale uliyoyaleta mwenyewe na kubakiza yanayotoka kwa mtu aliyepigwa picha.

Chukua urefu. Mbegu zikitawanywa kote kwenye mada nyeupe (tishu ya ndani yenye nyuzi za neva), kifungu kirefu cha nyuzi hupita vokseli nyingi, yaani vijisanduku vinavyounda picha, kwa hiyo huokota mbegu nyingi kuliko kifupi chenye unene uleule. Hagmann na wenzake mwaka 2008 walirekebisha hilo kwa kuhesabu kila mstari kama moja gawanya kwa urefu wake, kisha wakagawanya kwa wastani wa eneo la uso la sehemu mbili zinazounganishwa. Fomyula nzuri, kwa mbegu zao. Ukipanda kwenye mpaka wa mada nyeupe na mada ya kijivu (tishu yenye seli za neva), sababu ile ya kugawanya haipo tena. Zaidi ya hapo, njia ndefu huwa zimeshapoteza mistari, maana kosa dogo la mwelekeo hujilimbikiza kila hatua. Ukizigawanya tena kwa urefu, unaziadhibu mara mbili.

Mimi hupendelea kusawazisha kabla matriki haijazaliwa. Katika programu ya MRtrix3, amri ya tcksift2 huupa kila mstari uzito, ili jumla ya uzito katika kila vokseli ilingane na wingi wa nyuzi uliokadiriwa kutoka kwenye picha zenyewe:

tcksift2 mistari.tck wmfod.mif uzito.csv -act 5tt.mif -out_mu mu.txt

tck2connectome mistari.tck nodi.mif konektomu.csv -tck_weights_in uzito.csv -symmetric -zero_diagonal

Uzito huo unawakilisha eneo la mkato wa kifungu. Kifungu hakinenepi kwa kuwa kirefu, kwa hiyo hapa hakuna kugawanya kwa urefu. Chaguo la -scale_invlength, linalogawanya kwa urefu, liache lilale.

Faili ya mu.txt ndiyo watu huisahau. Mu ni namba moja kwa kila mshiriki, inayohusisha wingi wa mistari na wingi wa nyuzi katika ubongo wake. Zidisha kila seli ya matriki kwa mu ya mwenyewe. Bila hiyo, washiriki wote waliopewa idadi sawa ya mistari watakuwa na jumla zinazokaribiana, na tofauti halisi ya jumla ya miunganiko kati ya mtu na mtu itakuwa imefichwa. Ila mu haina maana kama kila mshiriki alitumia kipimo chake: lazima wote watumie kitendaji kimoja cha mwitikio (response function, kielelezo cha ishara ya nyuzi kwenye picha), kilichopatikana kwa wastani wa kundi, na ung'avu wa picha uwe umesawazishwa kwa amri ya mtnormalise.

Sasa ukubwa wa nodi, yaani wa kila sehemu ya ubongo kwenye matriki, na hapa nina ubishi na wengi. Sehemu kubwa hupokea mistari mingi kwa sababu tu ni kubwa, kwa hiyo ukilinganisha sehemu na sehemu ndani ya ubongo mmoja, kugawanya kwa wastani wa ujazo wao kuna mantiki. Lakini tuseme unalinganisha wagonjwa na watu wenye afya, na ugonjwa unasinyaza gamba la ubongo. Nodi ya mgonjwa ina sentimita za ujazo 6, ya mwenzake 8, na uzito wa muunganiko ni uleule, 24. Ukigawanya, mgonjwa anapata 4 na mwenye afya anapata 3. Umemfanya mgonjwa aonekane ameunganika vizuri zaidi kwa sababu ubongo wake umepungua! Katika utafiti wa namna hiyo mimi huuacha ujazo nje ya matriki, nikauweka kwenye modeli ya takwimu kama kigezo cha kudhibiti, pamoja na ujazo wa ndani ya fuvu. Pale msomaji anauona. Ndani ya matriki hauonekani.

Wanaotumia probtrackx2, amri ya traktografia ya programu ya FSL, wana shughuli nyingine. Kule kila vokseli ya mbegu hurusha sampuli 5000 usipobadilisha, kwa hiyo sehemu kubwa hurusha nyingi. Gawanya kila safu mlalo kwa jumla ya sampuli zilizorushwa na sehemu hiyo, kisha chukua wastani wa kwenda na kurudi, maana matriki hutoka isiyo linganifu.

Logi (logariti) ifanye mwishoni, na uangalie kipimo cha namba zako. Watu hupiga logi ya moja kujumlisha x kwa mazoea ili kukwepa sifuri. Baada ya kuzidisha kwa mu, x huwa ndogo sana, na kwa namba ndogo logi hiyo inarudisha takribani x ileile. Mchoro haubadiliki na mtu anashangaa. Zidisha kwanza matriki zote kwa namba moja kubwa, ileile kwa kila mshiriki. Vivyo hivyo kwa vipimo vya grafu (vipimo vya mtandao) vinavyotaka uzito usiozidi moja: gawanya kwa kiwango cha juu cha kundi zima. Ukitumia cha kila mtu peke yake, muunganiko mmoja mnene, mara nyingi kati ya sehemu jirani, utapanga mizani ya mengine yote.

Ukimaliza, chora jumla ya kila matriki dhidi ya ujazo wa fuvu, kisha dhidi ya kiasi cha kutikisika kwa kichwa. Mstari ukipanda au kushuka wazi kwenye mchoro wa pili, usiendelee na takwimu za makundi. Rudi kwenye usafishaji wa picha. Na matriki ghafi iache kwenye folda yake bila kuguswa, kwa sababu mhakiki wa makala atakuomba ujaribu mgawanyo mwingine.