Kusikiliza kwenye kikao cha mtandaoni na watu wa nchi nyingine: ile "ndiyo" iliyonikesheza

Mtoto wa dada yangu, anayekaa Ujiji, amepata kibarua cha kunukuu mahojiano ya sauti. Bosi wake yuko Ujerumani, mwenzake mmoja yuko India. Siku moja kabla ya kikao cha kwanza akaja kwangu Mwanga, hapa hapa Kigoma. "Mama mdogo, Kiingereza ninacho, ila naogopa sitawasikia." Nikamwambia kutosikia ni afadhali, maana utauliza. Mimi walioniponza ni wale niliowasikia vizuri kabisa. Nikamwonyesha ninavyofanya.

Hatua ya 1: Vifaa

Hedifoni za waya. Zile za bluetooth huisha chaji mtu akiwa katikati ya jambo la maana, na sijawahi kuziamini. Daftari na kalamu, usichape: kibodi yako inasikika hadi kwao.

Hatua ya 2: Saa

Andika kwa tarakimu na uweke jina la mji. Saa tatu asubuhi ya Kigoma ni 9:00 kwetu, 11:30 India, na 8:00 hata hapo Bujumbura, kichwani mwa Ziwa Tanganyika hilihili letu. Ujerumani ni 8:00 kipindi cha joto, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi ni 7:00.

Hatua ya 3: Swali lenye "si" ndani yake

Hapa kaa vizuri.

Ijumaa moja jioni mwenzangu wa Ujerumani aliniuliza kwa Kiingereza kama sijapokea faili. Nikajibu "ndiyo" kwa Kiingereza chake. Mimi nilimaanisha ndiyo, sijapokea, kama mtu anavyokuuliza "Hujala?" ukamjibu "Ndiyo, sijala." Yeye akasikia kwamba nimepokea. Akafunga kompyuta, akaenda zake. Nilikaa nikisubiri faili hadi saa saba usiku, bando likaisha, nikanunua jingine, na kazi ilikuwa ya Jumatatu asubuhi. Nilimlaumu kimoyomoyo wikiendi nzima.

Kiswahili hukubali au hukataa kile mwenzako alichosema. Kiingereza hutazama jambo lenyewe: lipo au halipo. Wajerumani wana neno kabisa la kumpinga aliyeuliza kwa kukanusha, *doch*, ila mkikutana kwenye Kiingereza halipo la kuwaokoa. Mjapani naye hujibu kama sisi. Tena *hai*, yaani "ndiyo" yake, katikati ya mazungumzo mara nyingi ni "nakusikia" tu, kama ile "ee" yetu. Usiandike kwamba amekubali.

Basi fanya hivi. Ukiulizwa kwa kukanusha, usitamke ndiyo wala hapana. Sema sentensi nzima: "Faili sijalipata." Ukiuliza wewe, usiulize kwa kukanusha, wala swali linalojibika kwa neno moja. Badala ya "Umeelewa?" uliza "Utaanza na rekodi ipi?" Kisha rudia ulichosikia kwa maneno yako, si kwa maneno yake, kasuku naye anarudia. Mwisho tuma ujumbe wa mistari mitatu: nani, nini, saa ngapi.

Kuna tahadhari. Ukirudia kila sentensi utaonekana hujiamini, na wengine watachoka. Mimi hurudia palipo na tarehe, idadi au jina la faili, basi. Na mkubwa wa kazi akisema "tutaangalia", usimbane mbele ya watu. Mwandikie pembeni baadaye. Mwenzangu wa Bujumbura aliyezoea kunijibu hivyo alikuwa ananikatalia kwa adabu, na mimi Muha, jirani ya Warundi kwa lugha na desturi, nilipaswa kuijua lugha hiyo kuliko wote.

Hatua ya 4: Pole

Mtu akisema umeme umemkatikia, usikimbilie lile neno la Kiingereza tunalotafsiria "pole", *sorry*. Ndilo hilohilo la kuomba radhi. Nilishawahi kuulizwa nimekosea wapi.

Hatua ya 5: Kimya

Hesabu hadi nne kabla ya kudakia. Huenda ni mtandao.

Jana alinitumia picha ya daftari lake baada ya kikao. Mstari wa kwanza: "Rekodi 12, si 20. Nimeuliza mara mbili, bosi akacheka." Chini yake ameandika 10:00 na kuzungushia duara, bila jina la mji. Nimempigia papo hapo.